Alinyoa rasta kwa sababu ya kanuni niliyomsomea. Sasa nimepewa kazi ya kuifuta

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 52. Nimefanya kazi kwenye makumbusho moja kwa miaka 23. Nilianza kama mhudumu wa ukumbi, yule anayesimama kona akiwaambia watoto wasiguse, na leo ndimi msimamizi wa wahudumu na walinzi wote wa kumbi za maonyesho. Koti la sare nimelivaa mwenyewe miaka 9, kwa hiyo ninayokuandikia sijahadithiwa.

Miezi miwili iliyopita mkurugenzi wetu mpya aliniita, akanisukumia mezani karatasi nne zilizochakaa: Kanuni za Mavazi na Mwonekano wa Watumishi wa Kumbi. Akasema zimepitwa na wakati, nimwandikie rasimu mpya. Sikuwa na haja ya kuzifungua, maana nazijua kama jina langu. Wanaume wanyoe ndevu. Wanawake wavae soksi ndefu "za rangi ya mwili" (mwili wa nani, hazisemi) na viatu vyenye kisigino. Tatuu isionekane. Hereni jozi moja, kwa wanawake tu. Na kifungu cha 7: "Nywele ziwe fupi au zifungwe, ziwe nadhifu na za mtindo wa kawaida."

Hicho cha 7 ndicho kinachoninyima usingizi.

Miaka 11 iliyopita tuliajiri kijana mmoja, tumwite M. Alikuja na rasta zinazofika mabegani, safi, amezifunga nyuma kwa utepe mweusi. Alizifuga tangu akiwa na miaka 17. Wiki ya pili bosi wangu wa wakati ule alipita ukumbini, akanivuta pembeni na kuniambia maneno mawili tu: "Kifungu saba." Nikamwita M. kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikamsomea. Sikumkaripia, sikuongeza neno langu hata moja, na nilijiona muungwana kwa hilo. Akaniuliza, "Lakini si inasema zifungwe? Hizi nimezifunga." Nikamwekea kidole kwenye neno "kawaida."

Kesho yake alikuja amenyoa kipara. Ngozi ya kichwa ilikuwa imepishana rangi na uso, kama kiraka kipya kwenye nguo ya zamani. Alikuwa amesimama mbele ya kioo akijivika kitambulisho. Nami, Shangazi, nikamwambia, "Umependeza." Akajibu, "Asante, mama." Tukaenda kufungua milango.

Hatujawahi kulizungumza tena. M. leo ni mkuu wa zamu na ndiye mkono wangu wa kulia. Mgeni akipotea, M. ndiye humpeleka, na njiani humsimulia habari za sanamu tatu ambazo hakuziulizia.

Mwaka jana idara ya elimu iliajiri binti mwenye rasta zinazomfika kiunoni. Hakuna aliyefungua mdomo. Kanuni ni za "watumishi wa kumbi" na yeye ni mtaalamu. Kila siku anapita mbele ya M. akiongoza watoto wa shule.

Sasa nilipoitisha kikao na kusema nafikiria kukifuta kifungu cha 7, M. alisimama. Akasema, "Kanuni hii ilininyoa mimi na sikufa. Ibaki, na iwe ile ile kwa wote." Wakongwe wakapiga makofi. Kati yao yuko mama mmoja ambaye hataki kusikia habari ya kubadilisha sare. Anasema akiwa amelivaa koti mgeni humuuliza sanamu ile ina miaka mingapi, na akilivua mgeni huyo huyo humuuliza choo kiko wapi. Vijana wakaguna. Kikao kikavunjika hivyo hivyo.

Nikiwa ngazini M. akanifuata. Akasema taratibu, wala hakuwa na hasira: "Mama, siku ukikifuta, utaniambia zangu zilikuwa na kosa gani?" Akashuka kwenda zamu.

Nikikiacha kifungu kwa ajili yake, nitanyoa wengine. Nikikifuta, ni kama ninamwambia alinyolewa bure. Nimewaza kumwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Afisa utumishi kanionya nisithubutu, eti maneno hayo yanaweza kurudi kama madai dhidi ya taasisi. Nimewaza kumrudishia mkurugenzi kazi yake. Mume wangu anasema nilikuwa natekeleza amri, nisahau. Rasimu inatakiwa mwisho wa mwezi.

Nifanyeje?

Msoma Kifungu


JIBU

Marahaba, mwanangu. Miaka 52 unayo na bado nakuita mwanangu, hilo niachie.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye "Umependeza." Sikwami kwa kukulaumu. Ungeweza kuiandika barua nzima bila kulitaja neno hilo, nami nisingejua lolote. Umelitaja. Ndipo nikajua kwamba rasimu ya mkurugenzi ni nusu tu ya ulichoniletea, tena ile nusu nyepesi.

Hebu nikurudishie nilivyokuelewa. Umepewa kalamu ya kufuta kanuni uliyoisimamia kwa mkono wako, na aliyeilipia ndiye anayesema isifutwe. Wanaokuja kesho wanakuvuta huku, yeye anakuvuta kule. Na unaogopa kwamba lolote utakaloandika litakuwa ni kumnyoa mara ya pili.

Nina wasiwasi na mambo mawili matatu unayoyachukulia kuwa yamekwisha kuthibitika.

La kwanza, kwamba M. anakitaka kifungu. Amesema mara mbili, ila hakusema kitu kimoja. Kikaoni alitoa hoja. Ngazini aliuliza swali. Wewe umeifanya hoja kuwa jibu la lile swali, wakati huenda hoja ilikuwa njia yake ya kulifunika kwa miaka 11. Inawezekana pia anamaanisha hasa alichosema. Mimi sijamwona, wewe unamwona kila siku. Watu waliolipa gharama peke yao mara nyingi hutaka na wengine walipe, wala si roho mbaya. Wakilipa wote, inaitwa ada. Akilipa mmoja, usiku anaanza kujiuliza kama hakuibiwa.

La pili ni hilo neno lake "wote." Wewe umelisikia kama habari ya nywele. Mimi nimelisikia kama habari ya huyo binti wa idara ya elimu, na ya mkurugenzi, na ya watafiti wanaoingia na fulana zao pasipo mtu kuwainulia jicho. Kanuni zako zina kichwa cha habari kinachotaja watumishi wa kumbi peke yao. Kwa hiyo kuna watu katika jengo lenu ambao miili yao hukaguliwa asubuhi, na kuna ambao haikaguliwi. Mwaka 1991 msanii wa Marekani Fred Wilson, ambaye aliwahi kuwa mlinzi wa makumbusho, alisimamisha sanamu nne nyeusi za kuvalishia nguo, zisizo na vichwa, akazivisha sare za walinzi wa makumbusho mbalimbali ya New York. Kazi hiyo aliiita Guarded View. Hazikuwa na vichwa. Hata nywele za kuzikagua hakuna. Mtu hahitaji kusoma vitabu vya sanaa kuielewa, na nadhani M. angeielewa haraka kuliko mimi.

Yule mama wa koti naye yumo humo. Usimwone mshamba anayeogopa mabadiliko. Amegundua kwamba jengo halimpi heshima, koti ndilo linampa, na sasa unakuja kulichukua koti. Pale Baltimore, Marekani, mwaka 2022, makumbusho ya sanaa yaliwapa walinzi wake 17 nafasi ya kuchagua wao wenyewe kazi za kuonyeshwa na kueleza kwa nini wamezichagua. Sisemi mfanye hivyo; kwanza sijui bajeti yenu. Nasema tu kwamba pengine mama yule anashikilia kitambaa kwa kuwa hajawahi kupewa kitu kingine cha kushika.

La tatu ni gumu, na nimezunguka sana kabla ya kuliandika. Unasema hukuongeza neno. Ni kweli, neno hukuongeza. Uliongeza kidole.

Kisome tena kifungu chako: fupi AU zifungwe. M. alikuwa amezifunga, na zilikuwa safi, umesema mwenyewe. Alibakiwa na neno moja tu la kumtia hatiani, na hilo halikuwa na kipimo isipokuwa jicho la bosi wako. Basi hata kwa kanuni ile ya zamani, kama ilivyoandikwa, sioni kosa la nywele zake. Mume wako anasema ulitekeleza amri, na kulikuwa na amri kweli, lakini ilitoka kwa mtu, si kwenye karatasi. Karatasi ilikopeshwa tu. Sikuambii haya ili nikuongezee mzigo. Ni kwamba swali la ngazini linaweza kuwa na jibu fupi kuliko unavyoogopa, na jibu hilo halitegemei kifungu kufutwa wala kubaki.

Maneno kama "kawaida" na "nadhifu" yamewasumbua wengi kabla yako. California, jimbo la kwanza Marekani kulishughulikia kisheria mwaka 2019, ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa nywele zinazohusishwa na asili yake, na haikuishia hapo: ilitaja misuko, misokoto na rasta kwa majina yake. Watunga sheria walijua kwamba neno likiachwa wazi, atakayelijaza ni mwenye cheo. Mwaka uliofuata kampuni ya vifurushi ya UPS nayo ikaondoa marufuku yake ya ndevu na rasta kwa wafanyakazi wake. Nimewaza sana juu ya madereva waliokuwa wamenyoa kwa miaka, siku tangazo lile lilipotoka. Sina shaka wako walioshangilia na wako waliouliza swali la M.

Sasa tuiguse rasimu kidogo, maana mwisho wa mwezi hausubiri.

Ningekuwa wewe ningekipitia kila kifungu nikikiuliza kinamlinda nani au nini. Vingine vitajibu bila kigugumizi. Pete na bangili hukwaruza. Kitambulisho kinachoning'inia shingoni hugonga chombo mtu anapoinama. Jasho la vidole huacha chumvi kwenye fedha na shaba, na alama hiyo huila metali polepole, ndiyo maana metali hushikwa kwa glavu za naitraili, aina ya mpira. Nywele ndefu zifungwe mtu anapoinamia kitu kilicho wazi: hilo nalo lina sababu, na linamhusu mkurugenzi sawasawa na mlinzi. (Za M. zilikuwa zimefungwa. Samahani, nimelirudia.) Vingine vinamlinda mgeni, ajue wa kumuuliza, hapo koti au beji inayoonekana kutoka mbali inatosha, na ndevu hazina mchango wowote. Kisha utabaki na vile ambavyo ukiviuliza vinakaa kimya. Kisigino kwa mwanamke anayesimama juu ya sakafu ya mawe kutwa nzima kinalinda nini? Uingereza watu zaidi ya 150,000 walitia saini kupinga visigino vya lazima kazini, hadi bunge likalijadili mwaka 2017. Usishangae kimya hicho kikikukuta na kwenye vifungu ulivyovipenda.

Kuna mfano mmoja wa kwenu wenyewe ninaoupenda. Glavu nyeupe za pamba zilikuwa alama ya kazi yenu. Mtu akiziona tu anajua hapa pana kitu cha thamani. Baadaye wataalamu wa karatasi wakaona kwamba pamba hukwama kwenye kingo zilizochakaa na humwondolea mtu hisia ya vidole, na leo maktaba kubwa kama British Library huelekeza kwamba hati nyingi za kale zishikwe kwa mikono mitupu iliyo safi na mikavu. Desturi iligeuka, na hakuna aliyesema wazee waliovaa glavu walikuwa wajinga. Walifuata kilichojulikana siku zao. Unaweza kumpa M. mfano huu. Ila nakutahadharisha mapema, mfano wangu unachechemea: glavu huvuliwa jioni zikawekwa kwenye droo. Nywele za tangu miaka 17 haziwekwi kwenye droo, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa maabara siku ile.

Njia ulizonitajia nimezipima, na kila moja ina mwiba wake.

Kukifuta kimya kimya kutamfurahisha afisa utumishi. Karatasi mpya itabandikwa ubaoni, na M., akiwa mkuu wa zamu, huenda yeye ndiye atakayepewa kuibandika. Hebu jione ukipita hapo nyuma yake wakati anaibonyeza pini.

Kuomba radhi mbele ya wote kunavutia kwa kuwa ni jambo kubwa, na wewe unahisi ulichofanya ni kikubwa. Lakini ukisema maneno hayo kikaoni, yeye ataufanyaje uso wake? Itabidi atabasamu, itabidi aseme yamekwisha. Ulishamsikia mara moja akisema "Asante, mama" kwa kuwa hakuwa na la kusema jingine. Labda mwenyewe angependa lisemwe hadharani, maana alinyolewa hadharani. Hilo ni lake kuamua, nawe hutalijua kabla ya kumuuliza.

Kuliacha likae kati yenu wawili ni upole, na mahali pengi lingetosha. Hatari yake ni kwamba taasisi itatoka mikono mitupu, wewe peke yako ndiye utakayebaki na kosa la bosi, la kanuni, na la wote waliokuwa wakipita wakanyamaza.

Kuna wanaoweka sentensi moja mwanzoni mwa sera mpya: kwamba kanuni za awali ziliwataka baadhi ya watumishi kubadili nywele na miili yao pasipo sababu ya kazi. Hakuna jina, hakuna tarehe. Naipenda sentensi ya namna hiyo, lakini jengo lenu ni dogo na kila mtu atajua anasemwa nani. Na hapo ndipo afisa utumishi ana haki ya kusikilizwa. Usimpuuze, ila usimgeuze ukuta. Mwulize kwa usahihi: je, anazungumzia waraka wenye nembo ya taasisi, au mtu kumwambia mwenzake ukweli ngazini? Hayo ni mambo mawili, na sheria za kazi hutofautiana sana; pata neno la mtu anayezijua za kwenu kabla hujaandika chochote chenye saini. Kumbuka pia kwamba yeye kazi yake ni kuilinda taasisi. Anaifanya vizuri. M. hakuwa ndani ya swali lake.

Kumwingiza M. kwenye kamati ya rasimu nimelifikiria kuliko yote. Anaijua kazi, anaujua uchungu, na kifungu kilichoandikwa na yeye hakuna kijana atakayekibishia. Lakini angalia usimwombe akusafishe wewe. Akikubali kwa sababu tu ni wewe uliyemwomba, tumerudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Na kurudisha kazi? Naielewa hamu hiyo. Atakayeipokea pengine hajawahi kuvaa hilo koti hata siku moja, na hajui sakafu ya mawe inavyopanda magotini kufikia saa tisa alasiri. Kwa upande mwingine, mtu anayeandika huku analipa deni huandika kwa mkono mzito: anaweza kufuta hata kifungu cha pete kwa kuchoka tu kukataza. Ukibaki, tafuta mwenzako mmoja asiyedaiwa chochote asome nyuma yako.

Unaona sikukuchagulia. Ningeweza kujifanya najua, lakini watu wawili mliofungua milango pamoja kwa miaka 11 mna lugha yenu ambayo barua haikuniletea.

Ninachokuomba ni kidogo tu. Utakapokaa naye, usiende na zile karatasi nne. Ziache ofisini. Mrudishie swali lake kama alivyolisema, ili ajue ulilisikia, kisha umwache aongee, hata kimya kikikaa mpaka kikuwashe. Akikuambia anataka kifungu kibaki, muulize kibaki kwa nani. Akikuambia hataki kulizungumza, hilo nalo limeshasemwa, na rasimu bado utaiandika.

Na lile neno la mbele ya kioo, sijui kama analikumbuka. Unaweza kuanza nalo, unaweza usiliguse kabisa. Ila usimwombe akwambie kwamba kweli alipendeza.

Ni mimi Shangazi yako. Rasimu ikikamilika, niandikie. Na hata isipokamilika.